Watoro wa Rabai

Msimu wa mvua uliopita, maji ya laga yalipoingia kwenye nyumba za upande wa chini, familia kumi na moja zilikuja kuomba zilale kanisani. Mimi ni karani wa baraza la wazee, na ndiye niliyekataa wa kwanza. Hoja nilikuwa nazo: baadhi yao walikuwa wageni wasio na kadi, wengine si wa dhehebu letu, na tulishaambiwa jengo ni la ibada tu. Tukivunja sheria, nani atatutetea? Wazee wakanikubalia. Wale watu wakalala siku mbili kwenye baraza ya shule, wao na watoto.

Baadaye, nikisoma historia ya pwani ya nchi hii iliyotupokea, nikakutana na William Henry Jones. Huyu alikuwa Myao, aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto. Meli ya Waingereza ikamwokoa baharini, akapelekwa India, akalelewa na kusomeshwa na wamisionari huko Nasik. Mwaka 1864 alirudishwa Afrika kuwa mwalimu, na miaka mingi ya kazi yake ilikuwa Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa.

Hapo pana jambo ambalo sisi wa kambini tunalielewa haraka. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini kumiliki mtumwa nchi kavu kulibaki halali. Kwa hiyo waliookolewa na meli walikuwa na mahali pao rasmi, Frere Town, iliyoanzishwa 1875. Waliotoroka mashambani kwa miguu yao wenyewe hawakuwa na chochote. Kisheria walikuwa mali ya watu, na misheni ilikuwa imekatazwa kuwapokea. Yaani hata wakati ule kulikuwa na wenye kadi na wasio na kadi!

Watoro wakaja Rabai hata hivyo, wakajenga, wakalima. Wengi hawakuwa Wakristo. Wenye watumwa walikasirika, wakatishia vita. Jones hakuwafukuza.

Mwaka 1885 alipewa ushemasi na Askofu James Hannington, na mwaka uleule wakaondoka pamoja kwenda Uganda. Askofu alimwacha Jones na sehemu ya msafara huko Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, akatangulia na watu hamsini. Akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu wote aliokuwa nao. Jones ndiye aliyewarudisha waliobaki. Waliingia Rabai mwanzoni mwa 1886 wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi.

Kwa bendera hiyo nilifunga kitabu kwanza. Msomaji wa Samweli anamjua Ikabodi. Mama yake alimpa jina hilo akifa kwa uchungu wa uzazi, siku sanduku la agano lilipotekwa, akiamini kwamba utukufu umekwisha. Lakini katika kitabu kilekile Samweli alikuwa ameshaitwa, na sanduku lilirudi. Nadhani ndivyo imani inavyompanulia mtu macho. Msiba wake unabaki msiba, hapewi maneno matamu, ila anauona ndani ya hadithi ndefu kuliko siku yake. Na ndani ya hadithi hiyo wamo watu wengine. Mimi usiku ule wa mvua niliona jengo na barua ya onyo, basi.

Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza iliyotaka kutawala pwani ilikuta watoro 1,421 kwenye misheni. Ikawalipa fidia wenye watumwa, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakagawiwa hati za uhuru. Kampuni haikuwa na huruma kubwa; ilitaka pwani itulie. Na kumlipa bwana ni kukubali kwamba mtu alikuwa mali yake kweli. Lakini kama Rabai ingewafukuza watoro miaka ile, hati hizo wangepewa akina nani?

Nimelisoma jambo hili mbele ya baraza. Mzee mmoja aliuliza, barua ya onyo je? Nikasema ipo kwenye faili, na nitaijibu mimi. Tumekubaliana mvua ikija mlango ufunguliwe, na ufunguo wa pili nimempa mama mmoja anayekaa karibu na laga. Yeye alikuwa mmoja wa wale wa barazani. Aliupokea, akaufunga kwenye pindo la kitenge, hakusema kitu.