Miaka Mia Moja ya Ofisi ya Lancaster

Mwishoni mwa 1835, Edmund Sharpe, kijana wa miaka 26 mzaliwa wa Knutsford, alifungua ofisi ya usanifu majengo mjini Lancaster, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Alikuwa ametoka Ujerumani na kusini mwa Ufaransa, alikopima na kuchora makanisa ya kale kwa ufadhili wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Hakuwa amepitia uanagenzi mrefu kama wasanifu wengi wa zama zake, na mji aliouchagua haukuwa na mvuto mkubwa. Lancaster ilikuwa bandari iliyotajirika karne ya 18 kwa biashara ya visiwa vya Karibi na ya watumwa, kisha ikapitwa na Liverpool. Hata hivyo, ofisi hiyo ilidumu hadi 1946, na haikuwahi kuhamia London.

Kazi haikukosekana. Viwanda vya nguo vilikuwa vimejaza watu katika miji ya Lancashire, na Kanisa la Uingereza lilikuwa likihangaika kuwajengea mahali pa kusali kwa gharama nafuu. Sharpe alibuni makanisa yapatayo 40. Yaliyompa jina, na kejeli pia, ni yale ya udongo wa kuchoma. John Fletcher, shemeji yake mwenye machimbo ya makaa ya mawe karibu na Bolton, alikuwa na udongo mwingi uliotoka pamoja na makaa hayo. Wakaumimina katika kalibu, wakauchoma, na kati ya 1842 na 1845 wakajenga nao kanisa la Mtakatifu Stefano huko Lever Bridge, nakshi na mapambo yake yakiwa ya udongo uleule. Mwaka 1846 likafuata la Utatu Mtakatifu, Rusholme, jijini Manchester. Waliotaka kanisa la Kigothi lijengwe kwa mawe halisi waliudharau udongo huo uliojifanya jiwe. Watu wakayaita makanisa ya vyungu, na Sharpe mwenyewe akalitumia jina hilo kwa utani.

Lakini uamuzi wake uliozaa matunda ya kudumu ulikuwa wa 1838, alipompokea mwanagenzi wa miaka 15, Edward Graham Paley, mjukuu wa mwanateolojia William Paley. Mwaka 1845 mwanagenzi huyo alifanywa mbia. Mwaka 1851 alimwoa dada yake Sharpe, na mwaka huohuo Sharpe akamwachia ofisi yote, akiwa na miaka kama 42 tu. Hakuondoka kwenda kupumzika. Alikuwa amekwisha kuwa meya wa Lancaster na kupigania maji safi na mitaro ya majitaka. Sasa akageukia ujenzi wa reli na uandishi kuhusu usanifu wa kale. Taasisi ya Kifalme ya Wasanifu Majengo wa Uingereza ilimtunuku nishani yake ya dhahabu mwaka 1875. Alifariki Milan mwaka 1877.

Paley alikuwa mtu wa kazi zaidi kuliko wa maneno. Ingawa babu yake alikuwa kasisi wa Kianglikana mwenye cheo, Wakatoliki wa Lancaster ndio waliompa kazi iliyotia alama mandhari ya mji: kanisa la Mtakatifu Petro, lililokamilika 1859, lenye mnara mrefu uliochongoka. Dayosisi ya Lancaster ilipoundwa mwaka 1924, kanisa hilo lilifanywa kanisa kuu. Hospitali ya Royal Albert, aliyoibuni kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili wa kaunti za kaskazini, leo ni chuo cha wasichana wa Kiislamu.

Mwaka 1868 Paley naye alimchukua mbia kijana, Hubert Austin, aliyefanya kazi London chini ya George Gilbert Scott. Hapo ofisi ilifikia kilele chake. Chuma cha Barrow-in-Furness kilikuwa kikizalisha mji mpya kwa kasi, na ofisi ya Lancaster ikaujengea makanisa, nyumba za wakubwa na majengo ya kampuni ya reli. Bawa la jumba la Holker lilipoungua mwaka 1871, wao ndio waliolijenga upya. Kanisa la Mtakatifu George la Stockport, lililokamilika 1897, linahesabiwa miongoni mwa kazi bora za Austin. Baadaye Nikolaus Pevsner, mwandishi mkuu wa orodha ya majengo ya England, aliwaweka katika safu ya juu ya wasanifu wa makanisa wa enzi yao.

Paley alifariki 1895, Austin 1915. Aliyebaki ni Harry, mwana wa Paley, aliyeendesha ofisi bila mbia hadi alipostaafu katika miaka ya 1930, na hakuacha mtu wa kuishika. Alipokufa mwaka 1946, jina la ofisi likafa naye. Kwa karne nzima taasisi hii haikuwa na bodi wala katiba. Ilichokuwa nacho ni desturi ya mkubwa kumwandaa mdogo na kumpa nafasi angali yeye mwenyewe ana nguvu. Desturi hiyo ilipokatika, sifa zote za majengo hazikutosha kuiokoa.