Mawe Kwa Tumbo: Vile Nyongo Yako Hugeuka Kokoto

Kama umewahi kuchinja kuku pale Suna, unajua kale kafuko ka kijani kameshikana na maini. Ukikatoboa, nyama inakuwa chungu na mathe anakuangalia vibaya. Hako ndiko kibofu cha nyongo, na wewe pia uko nako, chini ya mbavu za kulia.

Ini hutengeneza nyongo kama nusu lita hadi lita moja kila siku. Ingine hungoja kwa hako kafuko, maji yake yakifyonzwa inakuwa nzito. Ukidishi kitu ya mafuta, kafuko hujifinya, nyongo inateremka kwa utumbo kuyavunja.

Noma huanza hesabu ikikataa. Nyongo iko na kolesteroli, na chumvi za nyongo ndizo huiyeyusha. Ikizidi, inaganda, vile sukari mob hubaki chini ya kikombe cha chai. Kafuko kakichelewa kujimwaga, vichembe hushikana na kukua polepole, miezi hadi miaka. Wamama huipata zaidi, haswa wakiwa na mimba, juu ya homoni ya estrojeni. Unene pia huchangia. Na wewe unayekonda mbio mbio ndio utokee fiti kwa picha, hiyo pia huleta mawe.

Lakini huku Migori na Homa Bay kuna njia ingine haiongelewi sana: seli mundu. Ukirithi jini moja, inakukinga na malaria kali, ndio maana imedumu huku karibu na ziwa. Ukirithi mbili, moja ya buda na moja ya mathe, unaugua. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120. Ya seli mundu, kama 10 hadi 20 tu. Zikivunjika hivyo kila siku, rangi ya njano inayoitwa bilirubini inajaa kwa nyongo, inashikana na kalisiamu, inakuwa mawe meusi. Hata mtoto wa shule anaweza kuwa nayo, na si juu ya chipo.

Shida ni gani? Msee wa seli mundu akilia tumbo, watu husema ni zile maumivu zake za kawaida. Macho ya njano wameshazoea. Wengine wanameza dawa za ulsa miaka.

Mawe mengi hunyamaza tu. Ukisikia uchungu upande wa kulia juu, unakuja baada ya kudishi, unapanda hadi bega ama mgongo, itisha altrasaundi. Ikikuja na homa, ama macho yakizidi unjano, usingoje asubuhi.

Na ile ya kunywa mafuta na ndimu ndio mawe yatoke? Vile vidonge vya kijani unaona chooni ni mafuta yenyewe yamegeuka sabuni. Mawe yakisumbua, daktari hutoa kafuko kote, mara nyingi kupitia matundu madogo. Utaishi bila hako: nyongo itatoka kwa ini moja kwa moja hadi utumbo, na samaki bado utakula.