Halaiki ya Mbiu: Istilahi ya Mikusanyiko ya Mussolini

Katika Italia ya Mussolini, ile mikusanyiko ya umma chini ya roshani ya Palazzo Venezia mjini Roma iliitwa adunata oceanica. Tafsiri inayokuja haraka ni "mkutano wa hadhara", nami naikataa. Kwenye mkutano wa hadhara watu huja kusikiliza. Wapo watakaoshangilia, wapo watakaozomea, na wengine huondoka hotuba ikiwa katikati. Kule Roma kuzomea kulikuwa njia ya gerezani.

Adunata ni neno la kambini: amri ya kuwakusanya askari. Chama cha Kifashisti kililichukua kikawaita raia nalo. Tarehe 2 Oktoba 1935 ving'ora na kengele za makanisa vililia nchi nzima, watu wakamiminika viwanjani, na waliokuwa mbali na Roma wakasikiliza redio kupitia vipaza sauti. Mussolini akatangaza kwamba subira yake kwa Ethiopia imekwisha. Kesho yake majeshi ya Italia yakavuka mto Mareb kutoka Eritrea.

Kwa sababu hiyo napendekeza "halaiki ya mbiu". Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na anayeisikia hajiulizi kama ana nafasi ya kwenda. Mtumishi wa umma ambaye kazi yake ilishikwa na kadi ya chama aliielewa vyema mbiu hiyo. Halaiki nayo ni umati, na nchini Tanzania ni pia wale vijana wanaopangwa uwanjani wachore maumbo kwa miili yao siku ya sherehe ya taifa. Maana hii ya pili ndiyo ninayoihitaji zaidi: watu wanaopangwa ili watazamwe.

Maana propaganda ya mikusanyiko hii haikuwa katika hotuba peke yake. Istituto Luce, shirika la filamu lililoanzishwa mwaka 1924, liliupiga picha umati kutoka juu, na tangu 1926 kila sinema ililazimika kuonyesha filamu zake za habari. Hapo ndipo lile neno oceanica, "wa kibahari", linapofanya kazi: katika bahari huoni tone. Aliyekuwa na shaka katika mji mdogo alitazama pazia la sinema akaona taifa zima limekubali, akadhani amebaki peke yake.

Hata hivyo, istilahi isitufanye tuamini kwamba kila aliyefika aliburutwa. Usiku wa 9 Mei 1936, baada ya Addis Ababa kutekwa, Mussolini alitangaza dola ya kifalme kutoka roshani ileile, kisha akauliza umati kama utaistahili. Ukanguruma: ndiyo! Furaha ya wengi usiku ule ilikuwa ya kweli, na hilo linatisha kuliko kulazimishwa, kwa kuwa nyuma ya furaha hiyo kulikuwa na Waethiopia waliomwagiwa gesi ya sumu kutoka angani. Mbiu huitikiwa kwa hofu, na huitikiwa kwa shangwe pia. Neno linabeba yote mawili.

Nisingelitumia kwa maandamano ya wafuasi wa chama, wala kwa gwaride la jeshi, wala kwa kampeni yenye wapinzani kwenye jukwaa la pili. Lakini kwa 10 Juni 1940, Mussolini alipotangaza vita dhidi ya Uingereza na Ufaransa mbele ya umati uleule ulioitwa, ningeandika bila kusita: aliitangazia halaiki ya mbiu.