Nani Anakesha Ili Wewe Ulale?

Ukiagana na mtu usiku humwambii alale sana, wala alale haraka. Unamwambia alale salama. Watu wa Mwambao wana namna yao ya zamani zaidi: mmoja anasema "alamsiki", mwenzake anajibu "binuru", yaani kwa nuru. Kukicha, swali la kwanza ni umelalaje, au umeamkaje. Maneno haya yananishughulisha kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wanaofumbua macho saa tisa usiku na kuanza kupiga hesabu: kodi, karo, simu ambayo sikupokea, maneno niliyomjibu mtu mwaka juzi. Ushauri tunaopewa siku hizi unauchukulia usingizi kama kazi ya mtu binafsi, kitu cha kufanyiwa bidii. Lugha yetu inasema jambo jingine. Inasema usingizi ni habari ya usalama. Na nikifuata historia, naona lugha haijakosea.

Tuanze mbali kidogo, Ulaya, manake mjadala wa sasa kuhusu usingizi ulipata nguvu kutoka huko. Mwaka 2001 mwanahistoria wa Marekani, Roger Ekirch, alichapisha makala iliyowashangaza wengi, na mwaka 2005 akatoa kitabu kizima kuhusu usiku wa zamani. Alikuwa amesoma shajara, vitabu vya waganga na ushahidi uliotolewa mahakamani. Kila mara alikutana na "usingizi wa kwanza" na "usingizi wa pili", ukitajwa kama kitu ambacho kila mtu anakijua. Watu walilala mapema, wakaamka katikati ya usiku kwa saa moja hivi au zaidi, kisha wakarudi kulala. Katika muda huo walisali, walichochea moto, walizungumza na wake au waume zao, waliangalia mifugo. Wengine walitoka kwenda kuiba, ndiyo sababu mahakama zilikuwa na habari zao. Hakuna aliyeiita hali hiyo ugonjwa.

Desturi hiyo ilianza kufifia mwishoni mwa karne ya 17 miongoni mwa matajiri wa mijini, taa za barabarani na nyumba za kahawa zilipoirefusha jioni. Viwanda vikaja kumalizia. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa imesahaulika. Mtu akiamka usiku wa manane hakuwa tena na jina la muda ule, wala kazi ya kuufanyia. Alibaki na saa ya ukutani ikimhesabia dakika zilizosalia kabla ya kengele ya kiwanda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 daktari Thomas Wehr, pia wa Marekani, aliwaweka wanaume kwenye giza la saa 14 kila usiku kwa muda wa mwezi mmoja. Baada ya wiki kadhaa usingizi wao uligawanyika vipande viwili, na katikati wakawa macho, wametulia. Wengi waliosikia habari hizi walirukia uamuzi: kumbe sote tuliumbwa kulala mara mbili! Pole pole, jamani. Usiku wa saa 14 ni usiku wa kipupwe cha kaskazini. Hapa kwetu karibu na ikweta usiku ni kama saa 12, Januari hadi Desemba. Historia ya London haiwezi kuvishwa Machakos hivi hivi tu.

Kwa hivyo turudi karibu na nyumbani. Mwaka 2015 Jerome Siegel na wenzake walichapisha utafiti kuhusu usingizi wa jamii tatu zinazoishi bila stima: Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Mtu angetarajia kwamba bila taa wala televisheni watu hao wangelala na kuku. Wapi! Walilala zaidi ya saa tatu baada ya jua kutua, na wastani wa usingizi wao ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Hawakuwa na ule usingizi wa kwanza na wa pili. Hata hivyo, Wasan na Watsimane hawakuwa na neno maalumu la tatizo la kukosa usingizi. Walilala muda kama wetu, pengine pungufu, na hawakuona kuna shida ya kupewa jina.

Kwa nini? Jibu moja lilikuja mwaka 2017, kutoka kwa Wahadza tena. David Samson na wenzake waliwavalisha watu wazima 33 vifaa vya kupima mwendo wa mwili usiku na mchana, kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18. Basi. Wakati wowote wa usiku kulikuwa na watu kama wanane walio macho au wanaosinzia tu. Hakuna aliyewapangia zamu. Vijana walichelewa kulala, wazee waliwahi kuamka, na tofauti ya umri ilitosha kulinda kambi. Watafiti wakatoa pendekezo ambalo nalipenda: huenda wazee hawalali vizuri kwa sababu, kwa maelfu ya miaka, kutolala kwao kuliwafaa wengine. Nyanya anayekohoa saa kumi usiku hakuwa mgonjwa. Alikuwa kazini.

Wahadza ni watu wa leo kama wewe na mimi, si picha ya mababu iliyohifadhiwa kwenye fremu. Lakini wanatuonyesha kitu ambacho upimaji wa kitanda kimoja kimoja hauwezi kukiona: akili inakubali kuzimika ikijua kuna mwingine ambaye hajazimika.

Ukitazama Pwani kwa jicho hilo, unaona jinsi usiku ulivyogawiwa watu. Kuna magharibi, kuna isha, kuna usiku wa manane, kuna majogoo, kuna alfajiri. Kila sehemu ina wenyewe. Mcha Mungu huamka kuswali tahajudi baada ya kulala kidogo, na anayemsikia akitia udhu anajua nyumba haiko peke yake. Mwezi wa Ramadhani vijana hupita vichochoroni na ngoma kuamsha watu wale daku. Bara nako makanisa yana kesha, watu wanaimba hadi kunapambazuka. Neno lenyewe ni la kutazamwa: kukesha, kesho na kucha ni ndugu. Anayekesha ndiye anayeifikisha kesho.

Nini basi kilituharibia usiku? Ulaya wanailaumu taa. Hapa Kenya taa peke yake haitoshi kuwa mshtakiwa. Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa mwaka 1922 kwa kuunganisha kampuni za stima za Nairobi na Mombasa, lakini kwa miongo mingi nyumba nyingi za Waafrika ziliendelea na koroboi. Kilichotangulia kutuingia ni saa ya kazi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na treni haikungoja jogoo. Mfanyakazi alipewa kadi ya siku 30, kila siku aliyofanya kazi ikatiwa alama. Mwezi haukuwa tena wa angani, ulikuwa wa mwajiri. Kuanzia 1919 kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake. Kuchelewa kuamka sasa kulikuwa na bei.

Na ulilala wapi? Mjini, nyumba za wafanyakazi zilihesabiwa kwa nafasi za vitanda, kana kwamba kila mwanaume alikuja mjini bila mke, watoto wala mama. Ukalala kando ya mtu usiyemjua, huku nyanya anayekohoa amebaki Murang'a au Siaya. Ukitembea usiku bila ruhusa, unakamatwa. Halafu kulikuwa na kazi moja ambayo Mwafrika alitakiwa kuifanya usiku huo huo aliokatazwa kuutembea: kulinda nyumba ya mzungu. Ulinzi ambao kijijini ulitokea wenyewe, mjini uligeuka mshahara wa soja.

Hapo ndipo anaingia daktari J. C. Carothers. Alikuja Kenya mwaka 1929, na kuanzia 1938 hadi 1950 alisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ni nadra kwa Waafrika. Alifananisha utendaji wa akili zetu na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kwa maneno mengine, eti sisi hatuna mawazo ya kutukosesha usingizi. Alikuwa anawahesabu wale waliofikishwa Mathari, ambao wengi walipelekwa kwa sababu wamewasumbua watu. Anayelia kimya kwenye nafasi ya kitanda hakufikishwa popote. Ukweli ni kwamba kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua maana ya "ana mawazo". Huhitaji kuongeza neno. Si mawazo mazuri.

Daktari huyo huyo mwaka 1954 aliandikia serikali ripoti kuhusu Mau Mau, na akaunga mkono mpango wa kuwakusanya watu vijijini. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia katikati ya 1954 zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wakikuyu, waliondolewa kwenye boma zao na kuwekwa katika vijiji zaidi ya 800, vikiwa na mahandaki, minara ya walinzi na kafyu. Usiku sasa ulikuwa na mtu anayekesha, tena mwenye bunduki, ila hakukesha ili wewe ulale. Unaposikia hatua nje na hujui kama ni jirani, Gadi au watu wa msituni, akili yako ikikataa kuzimika haijaharibika. Inafanya kazi yake.

Nchi hii ilionja kidogo tena kuanzia 27 Machi 2020, kafyu ya korona ilipoanza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, miaka 69 kamili tangu ile nyingine ya dharura itangazwe. Kalenda ina mambo yake.

Kwa nini nasimulia haya yote kwa mtu anayetaka tu kulala? Kwa sababu yanabadilisha swali. Badala ya kujiuliza "mimi nina kasoro gani?", nauliza "akili yangu inalinda nini, na nani angeweza kuipokea zamu?" Na matibabu yanayofanya kazi, ukiyatazama vizuri, yanajibu swali hilo. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin alitoa maagizo mepesi: panda kitandani ukiwa na usingizi, usipolala toka, nenda kafanye kitu tulivu, rudi usingizi ukija, na uamke wakati ule ule kila siku. Hayo yamo ndani ya tiba ya mazungumzo na mazoea ambayo mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani, American College of Physicians, kiliitaja kuwa ya kuanza nayo kabla ya vidonge kwa watu wazima wenye tatizo sugu. Mkulima wa Ulaya aliyeamka kuchochea moto angeyatambua mara moja. Usilale hapo ukipigana na dari. Toka, upe muda ule kazi ndogo.

Jingine ni kuandika. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake waliwapa vijana 57 dakika tano kabla ya kulala. Nusu waliandika mambo waliyoyamaliza, nusu waliandika yale wanayopaswa kufanya siku zijazo. Hawa wa pili walipata usingizi kama dakika tisa mapema zaidi. Karatasi ilichukua zamu. Kodi na karo zikikaa mezani zimeandikwa, si lazima wewe ukae nazo.

La tatu ni mtu. Kule Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa benchi la urafiki: nyanya wa mtaani wanafunzwa, wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati, wanamsikiliza anayeugua kile Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nyanya yule wa kambini amerudi, safari hii mchana.

Haya hayalipi kodi. Mwenye deni la kweli atawaza kwa haki, na wala simu iwekwe chumba kingine namna gani, si kila mtu ana chumba kingine. Ndiyo maana siwezi kumaliza na orodha ya mambo ya kufanya. Usiku wa leo Nairobi italala kwa sababu soja ameketi getini na radio yake ndogo, nesi yuko zamu, na mama mboga ataondoka saa kumi kwenda Marikiti kabla bei hazijapanda. Asubuhi soja atarudi kwenye chumba cha mabati kinachochemka kufikia saa nne, ujirani mzima ukiwa na kelele, na atajaribu kulala. Tunamwambia kila jioni "usiku mwema, soja". Nafikiri tunadaiwa kumuuliza pia, asubuhi anapovua koti, kama ana mahali pa kulala salama, na nani atamkeshea.