Mtumishi Ndani ya Kontena

Nimekulia Changamwe, Mombasa, ambako kontena ni sanduku la chuma linalopita juu ya trela kutoka bandari ya Kilindini. Kontena ninalolihudumia kila asubuhi halina hata msumari. Ndani yake mna Jenkins, programu inayopokea kila badiliko la msimbo wetu, ikalijenga, ikalijaribu, na kutuonyesha nyekundu likiwa na kasoro.

Chanzo chake ni mtu mmoja aliyewajali wenzake. Mwaka 2004, Kohsuke Kawaguchi, mprogramu Mjapani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sun Microsystems nchini Marekani, alichoka kuona mabadiliko yake yakiharibu kazi ya timu nzima. Akaandika programu ya kumkagua yeye kwanza, akaiita Hudson. CruiseControl, programu ya kazi kama hiyo, ilikuwa imetangulia mwaka 2001, lakini Hudson ilikuja kama faili moja: toa amri moja, inaamka. Kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, ukazuka mzozo juu ya nani mwenye jina. Januari 2011 jumuiya ikapiga kura, 214 kwa 14, na Hudson ikawa Jenkins, jina la mtumishi wa nyumbani.

Kontena nalo, yaani programu iliyofungiwa peke yake ndani ya kompyuta, lina ukoo wake. Mfumo wa kompyuta wa Unix wa 1979 ulikuwa na chroot, njia ya kuifungia programu ndani ya folda moja isione nje. Mwaka 2008 mfumo wa Linux ukapata cgroups, ya kuigawia kila programu kiasi chake cha kumbukumbu na nguvu za kompyuta. Machi 2013, huko Santa Clara, mprogramu Solomon Hykes alisimama dakika chache tu akaonyesha Docker, chombo cha kutengeneza na kuendesha kontena, na mambo yaliyokuwa ya mafundi wachache yakawa ya kila mtu.

Mimi nilijifunza kwa machungu. Mara ya kwanza kuipandisha Jenkins toleo, nilisimamisha kontena la zamani, nikalifuta na vyote vilivyokuwamo, nikawasha jipya. Ukurasa ukanikaribisha kama mgeni, ukaniomba nenosiri la mwanzo. Kazi zote, funguo zote, historia ya miezi, vimekwenda. Vyote hukaa ndani ya /var/jenkins_home, nami sikuwa nimeifunga kwenye folda ya nje. Sasa folda hiyo iko kwenye diski yetu wenyewe na hunakiliwa kila usiku. Kontena nalibadilisha bila hofu: mtumishi huondoka, nyumba ikabaki na vitu vyake.

Wiki iliyopita binti mmoja wa timu yetu alituma badiliko jioni. Duara la Jenkins likawa jekundu. Alisoma mstari ulioanguka, akausahihisha, akatuma tena kabla ya kwenda nyumbani. Asubuhi tulikuta kijani, na hakuna aliyepoteza hata dakika. Hilo ndilo Kawaguchi alilolitaka.