Mfuko wa Chakula Uliopandishwa Kifuani: Saratani ya Pili Baada ya Upasuaji wa Umio

Anayepasuliwa kwa saratani ya umio huambiwa kwamba ametengenezewa umio mpya. Kauli hiyo humtuliza mgonjwa, na akiwa kitandani sina ugomvi nayo. Ugomvi huanza inapoingia kwenye faili. Kilichowekwa kifuani ni mfuko wa chakula uleule: umekatwa upande mmoja, ukashonwa ukawa kama bomba, ukavutwa juu na kuunganishwa na kipande cha umio kilichobaki. Umehamishwa makazi tu. Tezi zake ni zilezile na bakteria wake walewale, na saratani inayoweza kuota humo ni saratani ya tumbo.

Historia yenyewe inaonyesha jinsi tulivyofika hapa. Mwaka 1913, jijini New York, Franz Torek aliukata umio wenye saratani bila kuwa na njia ya kuunganisha ncha zake. Mgonjwa wake, bibi mmoja, alikula kwa mpira uliopita nje ya mwili kutoka shingoni hadi tumboni, akaishi hivyo zaidi ya miaka 10. Katika miaka ya 1930 Ohsawa wa Japani alianza kuuunganisha mfuko wa chakula na umio ndani ya kifua, na mwaka 1946 Ivor Lewis wa Uingereza akaeleza upasuaji ambao bado unaitwa kwa jina lake. Ripoti nyingi za saratani ya pili ndani ya bomba hilo pia zimetoka Japani. Si ajabu: saratani ya tumbo ni nyingi huko, na waliopona huendelea kuchunguzwa kwa kamera mwaka baada ya mwaka. Ukichungulia, utaona.

Hapa kwetu Bujumbura hatuchungulii sana, na kwa hili tuna utetezi. Katika Afrika Mashariki wagonjwa wengi wa umio hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Katika hospitali ya Tenwek, Bomet, nchini Kenya, wengi wamesaidiwa kwa kuwekewa kijibomba cha waya kinachotanua njia, ili mtu ale kwa siku alizobakiza. Saratani ya pili ni ugonjwa wa waliosalimika, na sisi waliosalimika ni wachache. Hoja hii naikubali nusu. Uchache wao unaeleza kwa nini hatuna kesi za kuandika, lakini hauelezi hatari inayomkabili yule mmoja aliyerudi Burundi akiwa hai baada ya kupasuliwa Dar es Salaam au India.

Hatari hiyo ina jiografia. Mwaka 1992 Holcombe aliandika kuhusu fumbo la Afrika: maambukizi ya bakteria wa tumboni, Helicobacter pylori, yamejaa kila mahali, ilhali saratani ya tumbo inaonekana kuwa chache. Fumbo hilo limerudiwa mno madarasani, kiasi kwamba wengine hulichukua kama kinga. Nyanda za juu za Maziwa Makuu, yaani Rwanda, Burundi na Kivu, hazikai vizuri ndani yake, kwani zimejulikana kwa miongo mingi kuwa na saratani ya tumbo nyingi kuliko sehemu nyingi za bara hili. Kolombia nayo ina mfano wa kufanana: wakazi wa milimani huugua zaidi kuliko wa pwani, ingawa wote wana bakteria hao. Na bakteria si wa kupuuzwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliwaweka katika kundi la visababishi vya hakika mwaka 1994. Mwaka 2001 Uemura na wenzake waliripoti Wajapani 1,526 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 8. Waliopata saratani ya tumbo walikuwa 36, wote wenye maambukizi.

Upasuaji nao huongeza yake. Neva ya vagasi hukatwa, chakula hukawia, nyongo hupanda, na damu hutegemea hasa mshipa mmoja. Wapo wanaoona chanzo kikuu humo. Mimi naupa uzito zaidi uvimbe sugu wa utando wa ndani, ule wa bakteria, uliokuwamo kabla ya kisu, kwa sababu huo tunaweza kuushughulikia.

Hapo ndipo penye pengo. Kamera ikikuta umio umezibwa haipiti, hivyo mfuko wa chakula hauonekani kabisa kabla ya upasuaji. Mpasuaji huupapasa kwa vidole tumbo likishafunguliwa, akiridhika anaushona. Kiungo kilichochaguliwa kubeba maisha yote yaliyobaki huchaguliwa bila kuonwa ndani. Kwa hiyo kamera ya kwanza baada ya kidonda kupona nisingeiita ya ufuatiliaji. Ni uchunguzi wa awali uliocheleweshwa, na vinyama vya kupima maabara vichukuliwe hata pasipo na kasoro. Bakteria hawahitaji hata kamera: kipimo cha choo kinatosha, kisha dawa za siku 14. Kumpiga kila mmoja kamera kila mwaka, kwa mifuko yetu, sitetei. Waliokutwa na utando uliokonda ndio wapewe nafasi.

Daktari wa hospitali ya Kamenge, hapa Bujumbura, asiyejua historia ya mgonjwa huingiza kamera akitarajia umio uendelee hadi sentimita 40 kutoka meno ya mbele. Penye 20 hivi rangi inageuka ghafla, kutoka weupe hadi uwaridi, na mikunjo inaanza. Akiona kidonda chini ya hapo, mawazo ya kwanza ni kwamba saratani imerudi, na mgonjwa anapelekwa nyumbani kwa dawa za maumivu. Kinyama kingeweza kusema vingine: saratani za umio, kwetu, karibu zote ni za seli bapa, na ya ndani ya bomba kwa kawaida ni adenokasinoma. Ikiwa changa hubanduliwa kwa kamera hiyohiyo.

Ripoti ya upasuaji mara nyingi hubaki ulikofanyika, au huja kwa Kiingereza kwenye hospitali inayoandika Kifaransa. Karatasi moja mkononi mwa mgonjwa ingetosha: saratani ilikuwa ya aina gani, bakteria walitibiwa lini, kiungio kiko sentimita ngapi, na bomba limepita mbele au nyuma ya moyo. Mstari huo wa mwisho usiachwe. Likipita mbele, hukaa nyuma tu ya mfupa wa kifua, na mpasuaji atakayeufungua mfupa huo kwa sababu nyingine atalikata kabla hajajua ni nini.