Mkono wa Livingstone na maiti ya mabua

Wapenzi wa filamu za Star Wars hawachoki kubishana kuhusu viungo vya Darth Vader, yule adui mwenye barakoa nyeusi na pumzi nzito. Alikatwa mkono wa kulia katika filamu ya mwaka 2002. Katika ile ya 2005 akapoteza mkono wa kushoto na miguu yote miwili, kisha moto ukammalizia. Kuanzia hapo anaishi kwa viungo vya bandia na mashine ya kupumulia, na ubishi nao unaanzia hapo hapo: je, Anakin, yule kijana aliyekuwa kabla ya kuitwa Vader, bado yumo ndani, au kilichobaki ni mtambo unaotumia jina la marehemu? Kuna wanaopima nyama iliyobaki dhidi ya chuma kilichoongezwa kama wako buchani, na kuna wanaoshikilia kwamba utu haukai kwenye mikono wala miguu. Ni ubishi wa burudani, lakini swali lililomo ndani yake halikuzaliwa na sinema. Ni sehemu gani ya mwili inayotosha kusema kwamba huyu ndiye fulani, na ni nani anayesikilizwa anaposema hivyo? Unyamwezi ina kesi yake juu ya swali hili, yenye mkono uliovunjika na mwili mzima wa bandia, na iliamuliwa kwa vitendo mwaka 1873 na watu waliokuwa wamebeba mizigo.

Igalula, huko huko Unyamwezi, leo ni stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya Tabora, katika Wilaya ya Uyui. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla yake, ukanda huu wote kati ya Tura na Tabora ulikuwa njia ya misafara: aliyetoka Bagamoyo, akavuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali, alishukuru Mungu kuiona Tura, akapita Rubuga na Kigwa, na hatimaye akaingia Unyanyembe kwenye matembe ya Kwihara na Tabora. Watu wa njia hii walijua mizigo kuliko walivyojua kitu kingine chochote. Kwa kuutazama tu mzigo begani mwa mpagazi waliweza kusema huu ni meno ya ndovu, ule ni shanga, na lile ni robota la nguo za merikani. Ujuzi huo ndio uliokaribia kuwakwamisha wabebaji wa maiti ya mpelelezi David Livingstone, na ndio huo huo uliowaokoa.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, karibu na ziwa Bangweulu katika Zambia ya leo. Wakuu wa msafara wake walikuwa Abdullah Susi na James Chuma, waliokuwa naye katika safari hiyo tangu 1866. Pamoja nao walikuwamo vijana waliosoma shule ya misheni ya Nassick, India, akiwamo Jacob Wainwright. Waliamua kumrudisha pwani. Farjala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari Unguja na alikuwa ameona jinsi maiti inavyopasuliwa, alitoa moyo na matumbo, vikazikwa ndani ya kopo la bati chini ya mti. Wainwright alisoma sala za maziko na kuchonga maandishi kwenye gome. Mwili ulitiwa chumvi na kuanikwa juani kwa wiki mbili, miguu ikakunjwa magotini ili mzigo uwe mfupi, ukaviringishwa kitambaa, ukatiwa ndani ya ganda la mti, kisha ukashonewa turubai na kupakwa lami. Hapo tayari palikuwa na uamuzi mkubwa: wameacha moyo na kuchukua mifupa. Hakuna Mzungu aliyekuwapo kuwaelekeza.

Walifika Unyanyembe Oktoba 1873, na huko wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron na wenzake, waliokuwa wametumwa kumsaidia mtu ambaye sasa alikuwa mzigo. Cameron alishauri wamzike hapo hapo, akitaja hatari za njia ya Ugogo. Ushauri huo haukuwa wa kipuuzi; njia ilikuwa mbaya kweli, na vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa bado vinaendelea. Susi na Chuma walikataa, na msafara ukaendelea kuelekea pwani pamoja na Murphy na Daktari Dillon, wawili kati ya wenzake Cameron. Kijijini Kasekera, Novemba 1873, Dillon, aliyekuwa ameelemewa na homa, alijipiga risasi. Hapo hapo wenyeji wakaja na zuio lao: maiti haipiti katika nchi yao. Tusiharakishe kuita hilo ushirikina. Maiti ya mgeni ilikuwa jambo la madai, mashaka ya ugonjwa na faini, na hata kwa Chitambo wabebaji wenyewe walikuwa wameanza kwa kuficha kifo kwa kuhofia kutozwa, mpaka walipogundua kuwa mtemi yule ni muungwana.

Walichokifanya Kasekera kinastahili kutazamwa kwa makini. Waliufungua mzigo, wakaliondoa lile ganda la mti, wakaufunga mwili upya mpaka ukafanana kabisa na robota la kawaida la safari. Kisha wakakata mabua ya mtama ya urefu wa mtu, wakayafunga tita, wakayaviringishia nguo kama sanda inavyoviringishwa. Karatasi ikakunjwa mfano wa barua na kubanwa kwenye kijiti kilichopasuliwa, kama tarishi wa zama zile alivyobeba. Watu sita waaminifu wakajitwika maiti hiyo ya mabua na kuondoka nayo kuelekea Unyanyembe, jua likikaribia kuzama, wakiwa na nyuso za msiba. Wanakijiji wakaridhika. Wale sita walipofika mbali walianza kuutawanya mwili wao wa bandia, bua moja huku na bua jingine kule, kisha nguo, na mmoja baada ya mwingine wakaruka kutoka njiani hadi kwenye majani marefu wasiache nyayo, wakarudi kwa njia tofauti kuungana na wenzao. Mwili wa kweli ukaendelea na safari ukiwa nguo.

Hoja yangu ni kwamba tukio hili linaeleza utambulisho wa mwili vizuri zaidi kuliko uchunguzi wa kitabibu uliofuata London, ambao ndio unaotajwa mara nyingi. Mwili ulitua Southampton Aprili 1874, na katika ofisi za Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme daktari mpasuaji Sir William Fergusson akaukagua. Uso haukutambulika tena. Akautafuta mkono wa kushoto. Mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini, simba alimrarua Livingstone na kuvunja mfupa wa juu wa mkono huo, na mfupa haukuunga. Ncha mbili zilizovunjika zikajitengenezea kiungo cha uongo pasipo na kiungo. Fergusson alikikuta pale pale, na shaka ikaisha. Tarehe 18 Aprili mifupa ikazikwa Westminster Abbey, Wainwright akiwa miongoni mwa walioshika jeneza. Tangu hapo kisa husimuliwa kwamba simba ndiye aliyemtambulisha Livingstone. Ni masimulizi matamu, na yana kasoro moja: yanaruka miezi kama tisa ya kubeba.

Kwa nini mfupa ulihitajika hata kidogo? Wainwright alifika pamoja na mwili, anajua kusoma na kuandika, na alikuwapo kwa Chitambo. Jibu liko mwaka 1866, pale Musa na wenzake kutoka Nzwani, katika visiwa vya Komoro, walipomtoroka Livingstone na kurudi Unguja na habari kwamba ameuawa. Uingereza iliomboleza, kisha mwaka 1867 msafara wa Edward Young ukaenda ziwa Nyasa kuchunguza na kugundua kwamba habari ile ilikuwa uongo. Kuanzia hapo neno la mpagazi kuhusu kifo cha bwana wake lilikuwa limeshuka thamani, na lingeshushwa kwa watu wote wa misafara, hata wale waliobaki. Chuma na Susi walikuwa katika msafara huo huo ambao Musa aliutoroka. Kwa hiyo nauona uamuzi wa kubeba mwili kama uamuzi wa watu waliojua kwamba ushahidi wao wa mdomo hautapokewa. Mkono uliovunjika ukawa shahidi kwa sababu waliokuwa na midomo hawakuhesabiwa kuwa mashahidi kamili.

Kuna atakayepinga kwamba mfupa haukuwahitaji: kiungo cha uongo ni alama adimu, na hata kama mwili ungeokotwa njiani bila mtu, Fergusson angeutambua. Nakubali nusu. Mkono ungethibitisha kwamba huyu ni Livingstone. Usingesema alikufa wapi, lini, wala kwamba hakuuawa, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakiulizwa. Zaidi ya hapo, alama ilikuwa na maana kwa sababu waliouchunguza mkono alipokuwa hai walikuwapo bado kuieleza. Pale ambapo mlolongo wa watu umekatika, mfupa wenyewe unakuwa bubu. Tazama fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Alijiua mwaka 1898, kichwa chake kikachukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kirudishwe, na miaka ikapita bila mtu kujua kiko wapi. Hatimaye Edward Twining, gavana wa Tanganyika, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, penye mafuvu mengi, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Lilirudishwa Kalenga mwaka 1954 na kupokewa kwa heshima zote. Lakini hakukuwa na mtu aliyeweza kusema: nililibeba mimi kutoka pale hadi hapa. Ndiyo maana wapo wanahistoria wanaolitilia shaka mpaka leo, na hakuna anayeutilia shaka mkono wa Livingstone.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Wabebaji walikuwa watu wa mshahara, linasema, na kwa wengi wao pwani ndiko malipo yalikokuwa; pengine waliogopa pia kushukiwa mauaji. Kwa hiyo tusiwapambe kwa falsafa wasiyokuwa nayo. Sioni kwamba sababu hizo zinafutana. Mtu anaweza kutaka ujira wake na wakati huo huo akajua anachofanya. Kama hoja ingekuwa mshahara peke yake, Unyanyembe palikuwa mahali pazuri pa kuutua mzigo: afisa wa Kiingereza yupo, amewaambia wazike, na angeweza kuwaandikia barua ya ushahidi. Mwenye kuogopa lawama hapati nafasi bora kuliko hiyo. Wakakataa, na siku chache baadaye wakaongeza hatari kwa hila ya Kasekera, ambayo kama ingegunduliwa ingewatia matatani wao, si Cameron. Malipo nayo hayakuwa ya kutamanisha: Zanzibar walilipwa mshahara wao na kuambiwa waende, na medali za Jumuiya ya Kijiografia zilitengenezwa baadaye, watu wakiwa wameshatawanyika. Wainwright alirudi Afrika na kuishia Urambo, magharibi ya Tabora, alikofariki mwaka 1892.

Chuma na Susi walipelekwa Uingereza mwaka huo huo wa 1874, lakini walifika mazishi yameshapita. Kilichowangoja kilikuwa kazi. Mhariri Horace Waller alikuwa na shajara za Livingstone, na shajara zinakoma siku chache kabla ya kifo chake. Mfupa wa mkono ulikuwa umeshasema lote uliloweza kusema. Ilibidi Waller aketi na wale wawili awaulize: alilala upande gani wa kibanda, alikutwa amepiga magoti vipi, mti ulikuwa wa aina gani, nani alipita njia ipi. Kitabu alichokichapisha mwishoni mwa mwaka huo kinategemea majibu yao kwa sehemu yote ya mwisho. Humo ndimo kilimo kisa cha Kasekera. Lile tita la mabua ya mtama halikuacha mfupa wala alama ya kukaguliwa na mpasuaji yeyote, na Ulaya ililipokea kwa neno la waliolifunga, bila kudai lolote zaidi.